Tuombe Kipatikane

Kola ndiyo iliyosema kwanza. Bi Taratibu alikuwa amemkatia binti yake blauzi ya kitambaa cha bluu kwa vipimo vile vile vya siku zote, maana mwili wa mtoto uliyemzaa mwenyewe huhitaji kuukimbilia na futi kila mara. Lakini binti alipoivaa na kusimama mbele ya kioo cha chumba cha kushonea, kola ilikaa upande, kama mtu aliyeinamisha sikio kusikiliza umbeya wa jirani. Bi Taratibu akadhani mkono wake umeanza kuzeeka. Akafumua, akashona upya. Kola ikarudi kule kule. Ndipo alipoweka mkasi chini, akapitisha vidole shingoni mwa binti, na chini ya sikio la kushoto akakutana na kinundu kigumu kiasi, kinachoteleza ukikigusa.

"Hiki tangu lini?"

"Kipi?" binti akauliza, kisha akapeleka mkono wake mwenyewe, akanyamaza.

Kunyamaza kwake tu kulikuwa habari. Huyu alikuwa kitinda mimba, na kati ya watoto wote ndiye pekee aliyebaki kuishi karibu na mama yake. Kazi yake ilikuwa ususi, na kwa mdomo wake waliomjua wote walimwita Kasuku. Wateja walisema ukikaa kwenye kiti chake huhitaji redio, na ukiinuka unazo nywele mpya na habari za mtaa mzima. Shingo za watu alizishika kutwa. Yake hakuwahi kuigusa.

Mama yake naye jina la Taratibu lilimfuata kwa haki. Hakuwa mtu wa kukurupuka. Alifiwa na mume akiwa bado na nguvu za kuolewa tena, hakuolewa; akalea kwa cherehani na sala, akishona sare za shule mwaka mzima, mchana wote mguu kwenye pedali. Shule yake iliishia pale ambapo watoto wengi wa wakati wake waliishia, kusoma na kuandika na hesabu za kukata kitambaa. Lakini alikuwa na macho. Kitu kikikaa upande aliona, na alichokiona hakukisema mpaka awe na hakika nacho. Siku hiyo hakika ilikuwa vidoleni mwake. Kesho yake wakaenda hospitali.

Kule daktari alikibonyeza kinundu, akauliza maswali ya homa na jasho na kupungua mwili, akaamua kitolewe kipande kikatazamwe. Kipande kikatolewa. Kasuku akarudi kazini na plasta shingoni, akawaambia wateja wake kwamba mume wa mtu amembusu kwa nguvu. Wakacheka. Mama yake hakucheka, ingawa alipokuwa peke yake alitabasamu kidogo, kwa sababu marehemu baba yake Kasuku ndivyo alivyokuwa, akiugua anatafuta mzaha wa kuufunikia ugonjwa.

Majibu ya kwanza hayakuwa majibu. Daktari alisema kinyama kile, kwa kutazamwa tu, kilikuwa kinasema mambo mawili. Huenda ni tezi iliyovimba kwa kupigana na jambo dogo, itapoa yenyewe. Huenda ni lile jambo kubwa. Hakulitaja kwa jina, na hawakumwomba alitaje. Akasema wapimaji watafanya kipimo kingine, cha undani zaidi, ndicho kitakachoamua.

Siku ya kwenda kuulizia kipimo hicho Kasuku alikuwa na kichwa cha bibi harusi cha kusuka, kazi ya kutwa. Basi Bi Taratibu akaenda peke yake mpaka dirisha la maabara. Lilikuwa dirisha dogo la kioo lenye tundu chini, la kupitishia chupa na karatasi, na mtu wa kimo chake ilimbidi ainame kana kwamba anaongea na mtoto. Ndani alikuwepo mpimaji mmoja mwembamba, miwani imening'inia kwa kamba kifuani. Aliinama naye, wakatazamana kwenye tundu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimefuata habari za kinyama cha shingo."

Mpimaji akatafuta jina, akalipata. Akamweleza polepole, kwa adabu, kwamba kinyama kimegandishwa ndani ya nta, kimekatwa vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu, na vipande vimebandikwa kwenye vioo. Mpaka hapo mshonaji alimfuata vizuri. Akajiuliza tu ni mkasi gani huo. Kisha mpimaji akasema maneno ambayo Bi Taratibu aliyabeba mpaka nyumbani kama mtu aliyebeba mayai.

"Sasa tutakipima kwa kingamwili, mama. Ni kingamwili ya kutafuta protini fulani, ile inayozuia seli zisife. Kama ipo, pale ilipo patabaki rangi ya kahawia. Rudi wiki ijayo."

Kuuliza si ujinga, hilo alilijua tangu utoto. Lakini mtu huuliza asichokielewa, na yeye alikuwa ameelewa kila neno. Njiani akayafumua moja moja. Kinga: hiyo si ndiyo watoto wanapelekewa kliniki wachomwe sindano, wasipate ndui na surua? Kinga ni nzuri. Protini: hiyo muuguzi wa kliniki aliwaimbia enzi zile, mpe mtoto maharage, mpe yai, apate protini. Protini ni nzuri. Na kuzuia kufa. Akasimama kivulini mwa ukuta wa hospitali, mkoba kifuani, akalirudia hilo la tatu. Ndani ya miili ya watu kuna kitu kinachozuia kufa, na wataalamu wana dawa ya kukitafuta, na wiki ijayo watasema kama mwanaye anacho au hana.

Jioni hiyo ilikuwa jioni ya sala. Wanawake walikutana stoo ya Mama Duka, nyuma ya duka lake, wakikaa juu ya magunia na makreti, harufu ya sabuni ya kufulia ikiwapanda puani. Wengi wao walikuwa wajane, na Mama Duka, mnene, mwenye sauti ya kuamsha waliolala, ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Bi Taratibu kwa kawaida alikuwa wa mwisho kutoa haja yake. Siku hiyo alitangulia. Akawaeleza vile alivyoelezwa, neno kwa neno, maana alikuwa na kumbukumbu nzuri, na hilo ndilo lililoharibu. Angekosea neno moja pengine mtu angeshtuka.

"Kwa hiyo tuombe kipatikane," akamaliza.

"Kipatikane!" wakaitikia.

Mama Duka akaongoza. Akamwambia Mungu kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, na ndiyo maana wamekuja wengi. Akaomba kizuizi hicho cha kifo kionekane kwa binti wa mwenzao, kionekane wazi, kionekane tele, kijae tezi nzima. Wakasema amina mpaka makopo ya rafuni yakatetemeka. Wiki ile wengine walifunga. Bi Taratibu alifunga, akashona sare huku midomo inacheza, na kila sindano ilipozama kitambaani alisema moyoni, kipatikane, kipatikane.

Mtu mmoja tu hakuitikia vizuri, naye alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, fundi redio ambaye alipita karibu kila siku kuazima kitu ambacho hakukirudisha. Aliposikia alikuna kidevu.

"Shemeji, hicho kitu kikipatikana na kikabaki, mnigawie kijiko."

"Toka hapa na mizaha yako."

"Si mzaha. Kama kipo kitu cha kuzuia kifo, mbona hospitali ndiko wanakofia watu? Wangekuwa wanakitia kwenye chai."

Bi Taratibu alimwambia arudishe bisibisi yake kwanza ndipo aje kufundisha udaktari. Lakini lile swali lilibaki, kama uzi uliobaki kwenye pindo. Hakulivuta. Ukivuta uzi wa namna hiyo hujui utakapoishia.

Wiki iliyofuata aliinama tena kwenye tundu la dirisha, na safari hii hakungoja salamu ziishe.

"Mmekipata?"

Mpimaji alivua miwani, akaiacha ining'inie. "Hapana, mama. Kioo kimetoka cheupe. Hakuna kahawia hata kidogo."

Aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni alisema baadaye kwamba yule mama hakulia wala hakupiga kelele. Alishika tu ukingo wa dirisha kwa mikono miwili, akawa kama anausoma ukuta. Mpimaji akaona, akatoka kwa mlango wa pembeni, akamkalisha kwenye benchi la korido na yeye akakaa. Akamwambia asiogope, hayo si majibu.

Kisha akamweleza. Kila wanapopima, alisema, huweka na kipande kingine cha pembeni, kipande cha findo la kooni mwa mtu mwingine, ambacho wanajua kabisa kina ile protini. Hicho ndicho shahidi. Shahidi akigeuka kahawia, basi kingamwili inafanya kazi na unaweza kuamini inachosema juu ya mgonjwa. Safari hii shahidi naye alitoka mweupe. Maana yake si kwamba kitu hakipo. Maana yake ni kwamba kingamwili yenyewe imelala, haioni.

"Imelala vipi?"

Mpimaji akaona aibu kidogo, kama mtu anayesema siri ya nyumbani kwao. Kingamwili ile huja ndani ya kichupa kidogo, mfano wa cha matone ya macho, na hutakiwa kukaa kwenye baridi ya kawaida ya friji. Mwenzao mmoja, mgeni kazini, aliona namna wanavyokishika kwa heshima, akaona kitu cha thamani namna hii kinastahili kutunzwa zaidi. Akawa kila jioni anakitoa kwenye friji na kukiweka kwenye friza. Asubuhi kinayeyushwa, jioni kinagandishwa. Na kingamwili ikiganda na kuyeyuka mara kwa mara, huvunjika.

"Alikuwa anakitunza," akasema Bi Taratibu.

"Alikuwa anakitunza, ndiyo. Kwa nia njema kabisa. Hakuuliza tu."

 Machela ikapita, magurudumu yakilia. Mpimaji akasema kichupa kingine kimeshaagizwa, wakikipokea tu wataanza upya, kinyama bado kipo kwenye nta na hakiozi. Bi Taratibu akashusha pumzi. Akafunga mkoba wake. Na kwa kuwa yule kijana alikuwa amemtendea utu, akaona amwachie neno jema.

"Basi sisi tutaendelea kuomba. Safari hii kitaonekana. Wanawake wenzangu wamefunga wiki nzima ili kipatikane."

Mpimaji akamgeukia. "Nini kipatikane, mama?"

"Hicho kinachozuia kufa."

Usoni mwa kijana kukapita kitu, kikarudi, kikapita tena.  Alipozungumza alizungumza taratibu kuliko mwanzo.

"Mama, sikukueleza vizuri. Mimi ndiye mkosaji. Kuzuia seli kufa si kuzuia mtu kufa. Ni karibu kinyume chake." Akatafuta njia. "Seli za mwili huzaliwa, hufanya kazi, na muda wake ukifika hujiondoa zenyewe, bila fujo. Kila siku, kwako, kwangu. Ndiyo afya yenyewe. Hii protini kila mtu anayo, kidogo, mahali pake. Lakini katikati ya tezi, pale ambapo seli zinatakiwa ziage, ikijaa pale, haziondoki. Muda umekwisha, zimekaa. Mpya zinakuja, za zamani hazitoki. Huo ndio ubaya tunaoutafuta."

"Kama wageni wa harusi wasioaga," Bi Taratibu akasema.

"Ndiyo hasa. Na bado wanaalika wengine."

"Kwa hiyo kikipatikana pale katikati…"

"Ni ugonjwa, mama."

Bi Taratibu akaitikia kwa kichwa, akamshukuru, akaondoka. Alitembea mpaka kwake bila kumwona mtu yeyote, na watu kadhaa walimsalimia.

Hakumwambia Kasuku siku ile. Alikaa kwenye cherehani, sketi ya mtoto wa watu chini ya sindano, na mguu haukusogea. Alikuwa akijiuliza jambo moja tu: je, Mungu huchukua maneno au huchukua moyo? Kama huchukua maneno, basi yeye mama mzazi, kwa mdomo wake, na kwa midomo ya wajane wenzake, na kwa tumbo la njaa, amemwombea mwanaye ugonjwa ujae tezi nzima. Na akakumbuka maombi mengine, ya zamani, kitandani kwa mumewe, alipokuwa akimng'ang'ania Mungu asimchukue, na mgonjwa mwenyewe alikuwa ameshachoka, anatazama mlangoni kama msafiri aliyefunga mzigo. Siku zile alimkasirikia mumewe kwa kukubali kuondoka. Sasa anaambiwa mwilini mwa kila mtu mwenye afya viko vitu visivyo na idadi ambavyo vikiitwa huondoka, na kwa kuondoka kwao ndiyo mtu anaishi. Hakujua aliweke wapi jambo hilo. Akalikunja, akaliweka pembeni.

Shemeji alipopita akamkuta hivyo, akamdodosa mpaka akasema. Yule bwana, kwa mara ya kwanza, hakukimbilia mzaha. Alikaa kwenye kizingiti.

"Usijitese, shemeji. Dua la kuku halimpati mwewe."

"Mimi si kuku."

"Sikusema ni kuku."

"Umesema. Na kama dua yangu mbaya haifiki, basi na nzuri haifiki. Nitabaki na nini?"

Fundi redio akainuka kizingitini. Akatoa bisibisi mfukoni, akaiweka juu ya cherehani, akaondoka.

Stoo ya Mama Duka, jioni ya sala, Bi Taratibu alisimama. Akawaeleza yote, habari ya kuaga na kutoaga, na ya shahidi mweupe na kichupa kilichotunzwa kikaharibika. Wakashika vinywa. Mmoja akasema hata hivyo yeye wiki ile alikuwa na tumbo, hakufunga sana. Mama Duka, aliyeongoza yale maombi ya kujaa tezi nzima, akawa kama mtu aliyekalia sindano.

"Yaani njaa yote ile nilimwombea kidudu?" akasema. "Basi tunafuta. Inukeni. Leo tuombe kisionekane kabisa. Ee Mungu, ficha…"

"Ngoja," Bi Taratibu akasema.

Hakuwa mtu wa kumkatiza mwenzake katika sala. Ndiyo maana walinyamaza wote.

"Msiseme ficha. Mimi nimeambiwa habari ya kioo ambacho hakikuonyesha kitu, na kitu kilikuwepo. Kwa yule shahidi kilikuwepo, wanajua, na kioo kikasema hakuna. Angekuwa mpimaji mzembe, asiyeweka shahidi, angeniambia mama nenda nyumbani, mwanao mzima. Na ningekuja hapa nikashukuru. Mngepiga vigelegele." Akamgeukia Mama Duka. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Sasa tukimwomba Mungu afiche, si tunamwomba awe kama kile kichupa?"

"Makubwa," akasema Mama Duka. "Kipatikane hutaki, kisipatikane hutaki. Tuombe nini basi? Maana na Mungu naye anapenda kumwelewa mteja."

"Tuombe kionekane kilichopo. Kama hakipo, pawe peupe kweli. Kama kipo, kipatikane."

Palikuwa na minong'ono. Mmoja wa nyuma, aliyekalia gunia la chumvi, akasema ombi hilo halina ladha, ni kama kwenda dukani ukamwambia mwenye duka nipe chochote.

"Wapo wanaokuja hivyo," Mama Duka akasema, "na ndio hawagombani na mimi." Akafumba macho.

Hawakuomba kwa kelele siku hiyo. Kila mmoja alikuwa akichungulia maneno yake kabla ya kuyatoa, kama anayechambua mchele. Amina zao zilifika moja moja, hazikukutana.

Siri ya watu wengi si siri, na hakuna habari isiyopita kwenye kiti cha msusi. Kasuku aliisikia kwa mteja aliyekuwa akisukwa, akaacha kichwa cha watu nusu, akaja kwa mama yake na kitana bado mkononi.

"Mama, nasikia mmeniombea ugonjwa."

Alilisema kwa sauti ya mzaha. Macho hayakuwa na mzaha. Bi Taratibu akasimamisha cherehani.

"Tulikuombea kwa masikio mabaya, mwanangu. Nilisikia maneno, sikusikia maana. Unisamehe."

Kasuku akakaa kwenye kiti cha wateja wa vipimo. Akaanza kukitoa kitana nywele zilizonasa, unywele mmoja mmoja.  Mwisho akasema kwamba yeye mwenyewe, tangu siku ile ya kola, hajaomba lolote. Kila akitaka kuanza anaogopa kwamba akilitaja litasikia, litajua linatajwa. Anaongea kutwa ili lisipate nafasi ya kuingia. "Kwa hiyo angalau nyinyi mmeomba," akasema. "Vibaya, lakini mmeomba." Akainuka. "Nimeacha mtu na nusu kichwa. Anaonekana kama shamba lililovamiwa."

Kichupa kipya kikafika. Mpimaji mwembamba alitimiza ahadi, akapeleka ujumbe mwenyewe kwamba kipimo kimerudiwa na majibu yapo kwa daktari. Hakusema zaidi, na Bi Taratibu hakumlaumu. Siku ya kwanza alisema zaidi na mmeona yaliyotoka.

Safari hii walikwenda wote wawili. Daktari alikuwa na karatasi mezani lakini hakuisoma, aliwatazama. Akasema kwamba kipande cha shahidi, safari hii, kimegeuka kahawia kama ipasavyo, kwa hiyo kipimo kinaaminika. Bi Taratibu akaisikia hiyo sentensi, akajua inayofuata kabla haijatamkwa, kwa sababu mtu mwenye habari njema haanzi na shahidi. Katika kinyama cha Kasuku, kahawia ilikuwa imejaa katikati, mle mle ambamo palitakiwa pawe peupe. Imepatikana.

Daktari akalitaja sasa jina la ugonjwa, saratani ya tezi. Akaeleza kwamba ziko za namna nyingi, na hii ni ya mwendo mdogo, inakwenda taratibu sana, watu huishi nayo na kutibiwa miaka mingi.

"Kumbe ni ndugu yako, mama," Kasuku akasema. Daktari hakuelewa, mama yake alielewa, na kwa aibu yake kubwa kicheko kikamponyoka mbele ya daktari, kifupi, kama kikohozi.

Kisha wakasikiliza sawasawa. Kungekuwa na vipimo vingine vya kujua imefika wapi. Kungekuwa na dawa za kupitisha kwenye mshipa. Kasuku akauliza dawa hizo zinafanya nini hasa. Daktari akafikiri, akasema zinafanya seli zile zilizogoma kufa, zife. Bi Taratibu naye akauliza lake moja: kama wasingeipata? Daktari akasema ingekuwa inatembea tu humo ndani, na wao wakidhani ni tezi ya kawaida, mpaka siku ambayo ingejionyesha yenyewe, na siku hiyo kazi ingekuwa ngumu zaidi.

Wakaambiwa wasubiri nje, muuguzi atawaita kwa ajili ya damu. Wakakaa kwenye benchi.  Mtoto mmoja ng'ambo ya korido alikuwa akikokota kiatu kisicho chake, kinapiga sakafu, na mama yake anamkataza bila nguvu.

Bi Taratibu alikuwa akijipima ndani, mahali alipoogopa. Alitegemea kujikuta akijilaumu, maneno yake ya mwanzo yamemrudia, kijae tezi nzima. Lakini alilolikuta pale lilikuwa jingine. Kitu kile kilikuwemo tangu kola ilipokaa upande, na kabla. Hakikungoja amina ya Mama Duka ndipo kiingie. Walichoomba wao, mara zote mbili, kwa ujinga na kwa kujua, ni kipatikane. Na kimepatikana. Hakuwa na hakika kama ashukuru. Alikuwa na hakika kwamba angeogopa zaidi kama angekuwa anatoka pale na kioo cheupe asichokiamini.

"Mama," Kasuku akasema.

"Naam."

"Niombee. Hapa hapa, sasa. Mimi bado siwezi kuanza."

Mama akamshika mkono, mkono mgumu wa kusuka, akafumba macho. Maneno aliyoyazoea yakaja yenyewe: uzima, siku nyingi, utuepushe na mauti. Akayatazama, akayaona hayakai. Watu katika korido wakawa wanapita. Kasuku akafumbua jicho moja kumchungulia.

"Mungu wangu," Bi Taratibu akasema mwishowe, kwa sauti ndogo, "hizo zilizoitwa zikakataa kwenda, ziite tena. Zimefanya kazi yake, muda wake umekwisha. Zife. Zife zote, mwanangu abaki."

Neno lile lilimuuma likitoka. Hajawahi kuomba kitu chochote kife. Akasubiri Kasuku aseme amina.

"Na zikijifanya hazisikii," Kasuku akasema, macho yamefumbwa, machozi yanashuka na hayafuti, "zifuate huko huko ziliko. Usizionee haya. Mimi nitakuonyesha njia, nitanyoosha mkono wachome sindano. Nikianza kupayuka usinisikilize, endelea tu."

Alikuwa anaomba. Mama yake hakusogea, asije akamkatiza.

Muuguzi akatokeza kichwa mlangoni, akaita jina, akaona wawili wale wameinama, akangoja.